Mjadala: Bendi kongwe ikiondokewa na mwimbaji na mpiga solo (gitaa linaloongoza), irudie nyimbo zake za zamani?

Wa Ligula, Mtwara: Zisirudiwe. Bendi ya roki ya AC/DC ilifiwa na mwimbaji wake Bon Scott Februari 1980, akaingia Brian Johnson, na Julai albamu ikatoka, nyimbo zote mpya. Hakulazimishwa kuiga sauti ya marehemu. Tena wapiga magitaa wake, Angus na Malcolm Young, walibaki. Bendi ya dansi ikiondokewa na mpiga solo pia, msikilizaji ataitambua kwa lipi?

Wa Mikindani: Kwa gitaa la rizimu linaloshika mdundo, besi na tumba, kaka. Watu wanachezea hapo. Kazi huharibikia kwenye ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Mwimbaji mpya akiwa na sauti nzito, wimbo wa G unashushwa hadi F. Uzi wa B ukipigwa wazi unagombana na B bemoli (B iliyoshushwa nusu toni) ya F, na mapigo yote ya second solo (gitaa la kati ya solo na rizimu) yaliyotegemea nyuzi wazi yanakufa. Dawa yake: shusheni magitaa yote na besi toni moja, vidole vibaki palepale pa G. Nyuzi zitalegea, kwa hiyo toeni nyuzi nyembamba za seti ya 10, fungeni nene zaidi za 11, halafu pimeni upya urefu wa kila uzi kwenye daraja, la sivyo noti za juu zitapinda. Wapulizaji hawapati tabu, ingawa vyombo vyao huita noti hizo kwa majina mengine: saksafoni ya alto inatoka E kwenda D, tarumbeta A kwenda G.

Wa Lindi mjini: Sawa, ila mmesahau mwendo. Dansi huchangamka ikiingia chemko, sehemu ya wimbo ya kucheza kwa kasi. Prodyuza akifunga kliki moja (mlio wa mashine unaoshika mwendo), tuseme mapigo 104 kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, chemko inazimika. Dramu, besi, rizimu na tumba zirekodiwe pamoja bila kliki. Sauti na vyombo vya kupuliza vifuate. Amplifaya zikae chumba kingine, vinginevyo gitaa linaingia kwenye maiki za tumba na kosa la mmoja halifutiki tena. Na huku pwani unyevu unalegeza ngozi za tumba, zikazwe kabla ya kila wimbo.

Wa Ligula: Ufundi nimeupokea, mzee wangu. Haki je? Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Aliyeondoka na nyimbo zake aombwe kwa maandishi, kabla ya kulipia studio.

Wa Mikindani: Hilo sipingi. Aombwe nyimbo mbili tu, zinazobaki ziwe mpya.

Wa Lindi mjini: Mbili naziunga mkono, mpiga solo mpya asinakili noti kwa noti. Ashike kiingilio kinachojulikana, kwenye chemko apige chake.