Wasomaji wa riwaya, mnawezaje kusoma mwaka mzima? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, leo nahamisha kabati nimekuta Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ndani ina tiketi ya basi ya Januari mwaka jana. Ukurasa wa 64. Nilipanga riwaya moja kila mwezi, nikaishia hapo. Mpaka leo sijui Yasmini aliishia wapi, na inaniuma. Mnaoweza, mnafanyaje? Mnachaguaje?

Konda Mstaafu
Kurasa 10 kila usiku, simu chumba kingine. Anza na Kikosi cha Kisasi cha Musiba. Ukishamshika yule mpelelezi wake, Willy Gamba, utalala saa nane.

Mama Wawili
Hesabu ndiyo inayoua hamu. Kitabu kisipokushika kurasa 30, rudisha, chukua kingine.

Konda Mstaafu
Hapo nakataa, dada. Nagona ya Kezilahabi ni nyembamba, lakini niliiacha mara mbili. Ya tatu ndiyo ikanifungukia. Ningekusikiliza ningeikosa.

Mtoto wa Malindi
Hiyo tiketi imenigusa. Babaangu alikuwa kuli bandarini Unguja. Presha ya macho ilipompofusha, nikawa namsomea Kuli kila baada ya Isha, ile riwaya ya Adam Shafi ya mgomo wa makuli wa 1948. Mgomo wenyewe yeye aliusikia kwa babaake. Kila mara akinikatiza: "Rudia hapo." Halafu anashika bega lake la kulia, lenye sugu ngumu kama kisigino, anasema, "Gunia likiloa, hapa ndipo panapowaka moto." Usiku mmoja akanambia, "Leo basi, kesho tutamalizia." Zilibaki kurasa 11. Alfajiri hakuamka. Mwaka wa sita huu. Riwaya nyingine naanza vizuri tu, nikikaribia mwisho mkono unafunga wenyewe.

Mama Wawili
Innalillahi. Pole sana mdogo wangu.

Konda Mstaafu
Zisome, kijana. Mzee alisema mtamalizia.

Fundi Cherehani
Msimlazimishe, siku yake itafika. Anayeitaka Kuli, ninayo PDF, nitumie namba.

Mwalimu wa Vijijini
PDF ya nani? Mwandishi ale nini? Wauza vitabu wa chini pale Posta, Dar, wapo, na Maktaba Kuu ipo barabara ya Bibi Titi.

Fundi Cherehani
Mwalimu, mimi niko Nachingwea. Duka la hapa vitabu vya shule tu. Hiyo Posta naifikaje?

Mwalimu wa Vijijini
Haki yako, nimesema kwa hasira. Nina Kuli mbili, moja naiweka kwenye basi, nauli juu yangu. PDF ifute.

Mama Wawili
Kuhusu kuchagua: masika nasoma upelelezi, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mvua ikipiga bati. Mwaka huu nimeongeza Peponi ya Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Watu walisherehekea Nobeli yake ya 2021 bila kumsoma. Kwa Kiswahili unasikia kabisa ni watu wa kwetu wanaongea.

Mwanzisha mada
Nimeweka simu sebuleni. Nimeanza upya, ukurasa wa kwanza.

Mtoto wa Malindi
Ahsanteni nyote. Nimekitoa sandukuni. Alama yetu ilikuwa kijiti cha kibiriti, bado kipo palepale. Nitaanzia kurasa mbili nyuma, pale aliponambia rudia.