Nimeteuliwa msemaji wa chama wa mazingira na kilimo, wiki ya kwanza tu nimejikoroga. Naomba ushauri

Jembe_Butu:
Wakuu, salaam. Mimi ni mbunge wa muhula wa kwanza, chama chetu kiko upinzani. Nimepewa usemaji wa mazingira na kilimo, sekta mbili kwa mtu mmoja kwa sababu hatutoshi. Kitaaluma ni mwalimu, kilimo nakijua kwa jembe tu.

Serikali ikatangaza kufuta usajili wa kiuatilifu kimoja. Mwandishi akanipigia saa mbili usiku, nikamjibu kwamba huo ni uonevu kwa wakulima. Kumbe vijana wa chama chetu walishatoa tamko la kutetea nyuki dhidi ya sumu hiyohiyo! Waziri akasimama bungeni akasoma tamko lao, akafuatisha kauli yangu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Katibu mkuu kaniambia nikae kimya kwanza.

Hivi kazi ya msemaji wa upinzani hasa ni ipi? Kupinga kila kinacholetwa? Na mkulima akigongana na mazingira, nisimame wapi? Wenye matusi wapite kimya kimya.

Mzee wa Hansadi:
Pole mkuu. Kilichokuponza ni ile saa mbili usiku. Mwandishi akipiga, mwombe nusu saa, fungua ilani yenu, wapigie watu wa sera, ndipo uongee. Mwanaharakati akiteleza kateleza yeye; wewe ukiteleza kimeteleza chama.

Sekta mbili kwa mtu mmoja wala si ajabu. Uingereza waziri kivuli mmoja hubeba mazingira, chakula na vijijini, kwa kuwa wizara yenyewe iliunganishwa hivyo mwaka 2001, mwaka ambao ugonjwa wa midomo na miguu uliteketeza mifugo yao kwa mamilioni.

Sasa soma hotuba ya bajeti pamoja na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu. Usiishie kwenye fedha zilizoidhinishwa. Tafuta zilizotoka, na zilitoka mwezi gani. Fedha ya mbolea ikitoka mvua zimeshakolea, kwenye karatasi inasomeka imetolewa, shambani haina kazi tena. Swali moja la namna hiyo, lenye tarehe, linamtoa waziri jasho kuliko tamko la kurasa sita.

Kinyonga27:
Mnazunguka bure. Mpinzani kazi yake kupinga. Wakulima wana kura, nyuki hawana 😂

Mama Miche:
@Kinyonga27 hao nyuki ndio wanaochavusha maboga na alizeti ya wapiga kura wako. Mimi nalima, najua mavuno yanavyokuwa wakipotea.

Mtoa mada, achana na habari ya mkulima au mazingira. Uliza hivi: dawa hiyo ikiondolewa leo, kesho mkulima anapuliza nini? Sri Lanka mwaka 2021 walipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani karibu ghafla. Kufika Novemba serikali ikarudi nyuma, mpunga umeshuka, chai imeumia. Msemaji makini angewabana vizuri tu bila kutetea kemikali hata chembe: kipindi cha mpito kiko wapi, na mboji ya kutosha nchi nzima inatoka shimo gani?

Bwana Shamba Mstaafu:
Mama Miche kamaliza. Naongeza Uholanzi. Mwaka 2019 mahakama ilitupa mpango wa serikali kuhusu naitrojeni inayotoka mashambani, wakulima wakahofia kupunguziwa mifugo, matrekta yao yakajaa barabarani, na chama cha wakulima, BBB, kilichoanzishwa mwaka huohuo, kikaja kuongoza uchaguzi wa majimbo 2023. Kwa mtazamo wangu vyama vikubwa vilikuwa na wasemaji wa kutosha, ila mkulima hakuona anayemsemea.

Jifunze na sayansi kidogo, isikupige chenga. Mbolea ya naitrojeni ikizidi mahitaji ya mmea, sehemu yake hugeuka gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dayoksaidi. Anayeweka kwa kipimo anaokoa pesa yake na hewa yetu pia. Anza na mambo ya aina hiyo, ambayo sekta zako mbili hazigombani. Na watafute maafisa ugani wastaafu. Tuko wengi, tunajua mafaili yalipo, na hatuogopi tena barua ya uhamisho.

Jembe_Butu:
Nashukuruni sana. Aibu yangu nyingine: tangazo lenyewe nimelisoma leo ndiyo mara ya kwanza. Linafuta usajili, basi. Halisemi shehena iliyoko madukani itaondolewaje, wala aliyekwishanunua kwa ajili ya msimu huu atarudishiwa nini. Nimeandika swali la msingi na la nyongeza. Vijana wa chama nimewaomba tukae Jumamosi walisome kabla sijalipeleka.

Katibu mkuu bado hapokei simu yangu.