Naombeni ushauri: mdogo wangu kasoma The Da Vinci Code, sasa hataki kusikia habari za jumuiya

Binti_Ruvuma (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo kwa wenye uelewa, hasa mliosoma riwaya ya Dan Brown iitwayo The Da Vinci Code.

Mdogo wangu wa kiume kamaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Rafiki yake kamwazima hicho kitabu, akakisoma usiku na mchana hadi chakula anasahau. Tangu hapo kabadilika. Anasema Yesu alimwoa Maria Magdalena wakazaa, na Kanisa limeificha siri hiyo karibu miaka elfu mbili. Anasema umungu wa Yesu ulipigiwa kura na maaskofu kwa shinikizo la mfalme wa Kirumi Konstantino. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika, wakati wa kushirikishana Neno akasimama na kuyasema yote hayo mbele ya wazee. Mwenyekiti akamkatiza, akamwambia ana pepo. Mama akalia. Baba naye katangaza kwamba kitabu kitachomwa, na kitabu chenyewe si chetu!

Mama kaniachia mimi kazi: "Wewe dada yake ndiye anayekusikiliza, kaongee naye." Nimeanza kukisoma. Kabla hadithi haijaanza kuna ukurasa unaosema mambo fulani humo ni ya kweli: kwamba chama cha siri cha Priory of Sion kilianzishwa Ulaya mwaka 1099, na kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo, nyaraka na ibada za siri ni sahihi. Hapo ndipo anaponibana. Nikimwambia hii ni riwaya tu, ananifunulia ukurasa ule. Nimjibu nini? Na baba nimzuieje asichome mali ya watu? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Kigango

Binti, baba yako namwelewa. Kitabu kinachomtukana Bwana hakikai ndani ya nyumba ya Mkristo. Mrudishieni mwenyewe leo hii, kisha mfanye novena. Mengine yatafuata.

Mwalimu_Historia

Mzee wangu hapo juu, shikamoo. Kukirudisha sawa, lakini yaliyokwisha kuingia kichwani kwa kijana hayatarudi pamoja na kitabu. Huyu anahitaji kujibiwa.

Dada, anza na ukurasa huohuo anaokubania. Kitabu kilitoka mwaka 2003, na ukurasa ule ndio uliowakoroga wasomaji wengi kuliko hadithi yenyewe, kwa sababu riwaya imevaa joho la ushahidi. Sasa uchukue neno kwa neno.

Priory of Sion haikuanzishwa mwaka 1099. Ilianzishwa mwaka 1956 katika mji mdogo wa Annemasse, Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, na mtu aitwaye Pierre Plantard pamoja na wenzake. Sion ya jina lao ni mlima wa jirani na mji huo. Kijarida chao cha mwanzo kilishughulikia haki za wapangaji wa nyumba za gharama nafuu. Baadaye, miaka ya 1960, ndipo Plantard na rafiki yake Philippe de Chérisey walipotengeneza nyaraka za kughushi zenye orodha ya "wakuu wa chama", akina Leonardo da Vinci na Isaac Newton, wakazipenyeza kwenye Maktaba ya Taifa huko Paris. Waandishi wa baadaye wakazikuta maktabani wakaamini. Muulize kijana kwa upole: kama sentensi ya kwanza kwenye ukurasa wa "ukweli" iko hivi, zinazofuata tuzipokee bila kuzipima?

Kuhusu ile kura ya maaskofu, inasemwa ni kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea, mwaka 325. Hakuna aliyekuwa anabishana kama Yesu ni mtu wa kawaida au ni Mungu. Hata padri Ario, ambaye mafundisho yake yalilaumiwa pale, aliamini kwamba Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu; ubishi wake ulikuwa kwamba Mwana aliumbwa, hivyo halingani na Baba. Ndiyo maana katika Nasadiki tunasema "mwenye umungu mmoja na Baba". Riwaya inadai matokeo ya kura yalikaribiana. Maaskofu walikuwa kati ya mia mbili na mia tatu hivi, na waliokataa hadi mwisho kutia sahihi ni wawili. Tena, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Nisea, gavana wa Kirumi Plinio, ambaye hakuwa Mkristo, alimwandikia mfalme Trajano kwamba watu hawa hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Konstantino hakuwa amezaliwa.

Na si kweli kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa Nisea. Ireneo wa Lyon alikuwa anatetea Injili nne tu tangu mnamo mwaka 180, na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo inaonekana katika barua ya Pasaka ya Atanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Mjadala ulikuwa mrefu na wa wazi, vitabu vingine vilibishaniwa kwa miaka mingi. Hilo usimfiche.

Mswahili_wa_Bara_Hindi

Assalam aleikum na amani kwenu. Mimi ni Muislamu, nilikisoma nilipokuwa chuo. Msidhani kimewaudhi Wakristo peke yao. Kwetu Nabii Isa, amani iwe juu yake, ni mtume mtukufu, na kumzulia habari za familia kwa ajili ya kuuza hadithi kuliniuma. Lebanon walikipiga marufuku mwaka 2004 baada ya viongozi wa Kikatoliki kulalamika. Mimi sikuona faida ya marufuku. Kitabu kikikatazwa, kijana anasema: mnaona, wanaficha! Baba akikichoma, dada yangu, atakuwa amemthibitishia mwanawe kila alichosoma humo.

Wanjiru_Nai

Nikiwa Nairobi naongeza moja. Humo kitabuni kuna yule mtawa muuaji, Silas, anayetumwa na Opus Dei, taasisi ya Kikatoliki. Opus Dei hawana watawa kabisa. Ilianzishwa Uhispania mwaka 1928 na padri Josemaría Escrivá, na wengi wao ni walei wenye kazi zao na familia zao. Hapa Kenya tunawajua kwa sababu chuo cha Strathmore, kilichoanza mwaka 1961, kina uhusiano nao. Unaweza kuwa na maswali kuhusu misimamo yao, hata mimi ninayo. Lakini ukishaishi mtaa mmoja na watu, huwezi kuaminishwa kwamba wanafuga wauaji waliovaa kanzu.

Niliyewahi_Kuuliza

Nimesoma majibu yote, ni mazuri, ila tunamjibu Dan Brown wakati mwenye shida ni kijana. Mimi katika umri wake nilikuwa na maswali kama haya kabla hata ya kukutana na riwaya yoyote. Kila nilipouliza kwa katekista niliambiwa nisali zaidi. Hicho kitabu kinawakamata vijana kwa sababu ndicho cha kwanza kuwaambia kwamba Ukristo una historia, kuna mitaguso, kuna maandiko yaliyoachwa nje, kuna mabishano. Wamepata kipaimara bila kuyasikia! Na anayeyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa Dan Brown atamwamini Dan Brown.

Kumwambia mbele ya watu kwamba ana pepo ni kumdhalilisha. Mzee yule akamtafute faraghani wayamalize, la sivyo kijana hatarudi hata mkimshinda kwa hoja zote.

Binti_Ruvuma (mleta mada)

Nawashukuru sana wakuu. Kitabu nimekichukua nikakifungia chumbani kwangu. Nilimwambia baba kwamba kuna mtu anakidai, tukikichoma tutalipa, akanyamaza. Jana nilimwonyesha mdogo wangu habari za Plantard, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Sawa, hicho chama ni cha uongo. Na Maria Magdalena je? Si walimwita kahaba miaka yote?" Sikuwa na jibu. Na ameniambia kuna Injili ya Filipo inayosema Yesu alikuwa akimbusu mdomoni.

Mwalimu_Historia

Dada, hapo kwenye ukahaba mdogo wako ana haki, na umwambie hivyo waziwazi. Hakuna Injili inayosema Magdalena alikuwa kahaba. Luka 8 anasema alitolewa pepo saba, na kwamba yeye na wanawake wengine walimhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao. Papa Gregori Mkuu katika mahubiri ya mwaka 591 alimuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, na Magharibi yote ikamfuata kwa karne nyingi. Makanisa ya Mashariki hayakufanya hivyo. Katika Yohana 20 yeye ndiye wa kwanza kumwona Mfufuka na kutumwa kuwaambia mitume, na mwaka 2016 Papa Fransisko alipandisha adhimisho lake la Julai 22 liwe sikukuu, sawa na mitume. Alidhulumiwa kweli, lakini kumfanya mke wa mtu si njia ya kumrudishia heshima. Heshima yake iko pale kaburini asubuhi.

Kuhusu ndoa, msome Paulo, Wakorintho wa Kwanza 9:5. Anatetea haki ya mtume kusafiri na mke, anataja mitume wengine, ndugu zake Bwana, na Kefa (yaani Petro). Kama Bwana mwenyewe angekuwa na mke, hoja ingemalizwa kwa jina moja tu. Hakulitaja.

Na Injili ya Filipo: ni andiko la Wagnostiki (kundi la zamani lililodai kuwa na maarifa ya siri ya wokovu), nakala yake ilipatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, imeandikwa kwa Kikopti. Wataalamu wengi wanaliweka karne ya 2 au ya 3, yaani muda mrefu baada ya Magdalena kufariki. Kwenye mstari anaousema, karatasi ya mafunjo imetoboka. Panasomeka kwamba alikuwa akimbusu, halafu pana tundu pale ambapo ingetajwa sehemu aliyombusu. "Mdomoni" ni neno la kujazia. Na busu katika andiko hilo ni salamu ya kiroho, waamini wote wanapeana.

Ila usimwambie haya kwa mdomo wako. Tafsiri za Kiingereza ziko bure mtandaoni, na si ndefu. Kaeni wote wawili mlisome lote, mwambie akutafutie mstari unaosema walioana au walizaa mtoto.

Mzee_wa_Kigango

Mwalimu, nimejifunza. Binti, mkimaliza kulisoma hilo, waambie jumuiya wamwachie kijana somo la Yohana 20 alisome yeye. Na huyo mwenyekiti kama ni wa parokia ninayoidhania, nitumie ujumbe wa faragha, nitaongea naye.