Mashua ya mita 5, tanga tupu, bila injini: Kongo inafikika?

MwishoWaReli: Habari za jioni wakuu. Nimenunua kimashua cha mbao, mita 5 toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), tanga moja la pembetatu, mkuku wenyewe, ule uti wa chini, ni kama hakuna. Wiki tatu sasa nakizungusha ghuba ya Kigoma, Ziwa Tanganyika, Bangwe nimeipita mara mbili. Anga likitakata milima ya Kongo naiona kabisa, inanichokoza. Ni kilomita 50 hivi. Upepo ukikubali, saa tano au sita si nimefika?

FundiTanga: Mdogo wangu, nimekulia Pemba kwenye madau, na huku Kibirizi nina miaka 19 nachonga mbao. Nilipokuja niliona ziwa ni maji ya bakuli.

Hizo saa tano zako zinataka upepo wa kukusukuma mwanzo hadi mwisho. Chombo cha mita 5 hakizidi sana kilomita 10 kwa saa, hata upepo uwe mzuri vipi, urefu wake ndio unaokifunga. Na hapo hujabisha bado, yaani kwenda upepo unakotoka kwa kukata huku na huku. Tanga letu bila mkuku haliukaribii upepo: bisho la kilomita 20 unaweza kulitembea 40.

Hilo nililijulia mwezi wa saba, narudi kutoka Mwamgongo, kijiji cha kaskazini kupita Gombe. Kwenda nilikuwa naimba, kusi, upepo wa kusini, imenibeba mgongoni. Kurudi ndipo nikaona. Ziwa lina zaidi ya kilomita 670 kusini hadi kaskazini, kwa hiyo kusi ina nafasi ya kulima maji mpaka ichoke. Mawimbi yake si ya kupanda na kushuka polepole kama ya bahari kuu. Ni mafupi, yamesimama, yanafuatana kama ngazi. Moja likaingia upande wa joshi, unakotoka upepo, magunia ya dagaa yakalowa yote (mwenye mzigo hadi leo hanisalimii). Nikatupa nanga nipumzike. Kamba ya mita 30 ikaisha mkononi, chini hamna kitu! Na ufukweni namwona mama anaanika nguo. Milima ya kule Gombe haikomi kwenye maji, inashuka hivyo hivyo hadi chini. Nikashusha foromali, mti unaobeba tanga, nikafunga ndoo kwenye kamba ile ile, nikaitupa omoni ili chombo kitazame wimbi, nikawa nafua maji kwa kata hadi jioni.

Mashua yako ina upana gani? Wimbi likivunjikia ubavuni, kimo chake kikilingana na upana huo, linatosha kukupindua.

Ujiji_Kijana: Lakini mzee, Mmarekani Robert Manry si alivuka Atlantiki 1965 na Tinkerbelle? Futi 13 na nusu, hata mita 5 haifiki. Siku 78.

FundiTanga: Alivuka kweli, sikatai. Ila chake kilifunikwa juu, kikilazwa kinainuka. Alitupwa majini mara kadhaa, akarudi kwa kamba aliyojifunga. Cha huyu kiko wazi, kikijaa kimejaa. Halafu kule dhoruba ikikuzidi unakiachia chombo kisukumwe hata siku mbili, hakuna cha kugonga. Hapa ukikiachia, usiku haujaisha uko juu ya miamba.

MamaDagaa: Na pasipoti je? Askari wa ng'ambo hawaulizi habari za upepo.

MwishoWaReli: Upana ni mita 1.4. Shikamoo mzee, Kongo naiacha. Gombe je? Tanga halina kamba za kulipunguzia.

FundiTanga: Marahaba. Gombe sawa, ila uambae pwani, utoke alfajiri, na siku ya kusi kali ulale. Jumamosi leta tanga Kibirizi tulishonee safu mbili za kamba za kulipunguzia, sindano ninayo. Njoo na madumu manne matupu ya lita 20, vifuniko vyake viwe vizima, tuyafunge chini ya viti, chombo kikijaa maji yakieleze. Na ndoo. Ya bati, ile ya plastiki mpini hung'oka.