Stelingi nzito kwenye pikapu ya zamani: kufufua boksi la mkono, pawa ya oili, au pawa ya umeme?

Chasisi_Kavu

Wakuu, tulinganishe. Gari ni pikapu ya zamani yenye boksi la stelingi la mkono (lile la nati na golori ndani, si raki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kulia na kushoto), kingpini mbele (pini ambazo tairi za mbele hugeukia), tairi za 235, na inabeba hadi tani moja. Ikiwa imesimama, usukani hausogei bila mikono miwili na nguvu za mgongo. Ikiwa inatembea, una plei ya vidole vitatu kabla tairi hazijaitikia. Ukishatoka kwenye kona haurudi wenyewe, lazima uuvute.

Njia zinazotajwa ni tatu: kufufua mfumo wa mkono uliopo, kuhamishia boksi la pawa lenye pampu ya oili, au kufunga mota ya umeme kwenye shafti ya usukani. Ipi inafaa kwa gari la kazi, na kila moja inaharibikia wapi?

---

Pitmani

Mkuu, kabla ya kuchagua, tenganisha dalili. Uzito na plei vikiwa pamoja kwenye gari moja, maana yake kuna kilicholika na kuna kilichoganda. Pawa haitibu hata kimoja. Itasukuma kilichoganda kwa nguvu zaidi na itaificha plei mpaka kitu kichomoke.

Inua mbele, weka stendi (jeki peke yake haitoshi), tairi zining'inie. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho.

Ukiwa mwepesi hewani na mzito chini, tatizo liko kwenye tairi, upepo, kasta (mlalo wa kingpini kuelekea nyuma), au beringi ya chini ya kingpini ambayo huuma ikibeba uzito. Ukiwa mzito hata hewani, chomoa rodi kwenye mkono wa pitmani (ule unaotoka kwenye boksi) kisha zungusha tena. Usukani bado ni mzito? Ni boksi, shafti au beringi ya kolamu (bomba linaloshika shafti ya usukani). Umekuwa mwepesi? Sukuma tairi kwa mkono. Zikigoma, chomoa tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) upande mmoja ujue ni kingpini ya kulia au ya kushoto.

Ishara nyingine ambayo mafundi wengi huipita: usukani ukiwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, mara mbili kwa kila mzunguko mmoja, hiyo ni krosi ya shafti (kiungo cha msalaba kinachoruhusu shafti kupinda) iliyoganda kwa kutu. Boksi linasingiziwa bure.

Pima pia kwa namba. Funga mizani ya ndoano kwenye ukingo wa usukani, vuta kwa pembe mraba, soma. Kilo 5 kwenye usukani wenye nusu-kipenyo cha sentimita 20 ni karibu Nm 10. Andika kabla na baada ya kila hatua, vinginevyo utabaki kukisia.

---

Grisi_Namba2

Naunga mkono, na kwa dalili hizo ningeanza na kingpini. Kosa la kawaida ni kupiga grisi gari likiwa limekaa chini. Uzito unaziba nafasi ya beringi ya chini, grisi inatokea juu na fundi anaridhika. Inua ekseli, piga mpaka grisi safi itoke juu na chini, geuza tairi kulia na kushoto, piga tena. Nipeli ikigoma, ibadilishe. Tundu likiwa limeziba kwa grisi iliyokauka, kingpini inatoka, hakuna njia ya mkato. Bushi mpya lazima zipitishwe rima (kifaa cha kusawazisha tundu kwa kipimo) baada ya kuingizwa. Ukizipiga nyundo na kufunga hivyohivyo, utapata stelingi nzito kuliko ya mwanzo.

Kuhusu boksi: maboksi mengi ya mkono hutumia oili ya gia SAE 90, mengine grisi laini inayotiririka. Fuata kitabu cha gari. Likivuja, watu hulijaza grisi ngumu ya beringi ili lisivuje. Grisi hiyo husukumwa pembeni mara ya kwanza na hairudi, gia zinabaki kavu ndani ya boksi lililojaa. Badilisha sili ya shafti ya chini, urudishe oili sahihi.

Sasa ile skrubu ya juu ya boksi. Watu huikaza ili kuondoa plei, na hapo ndipo usukani unapoacha kurudi. Utaratibu ni huu: rodi imechomolewa, kwanza rekebisha beringi za shafti ya skrubu (kwa shimu au nati ya pembeni), halafu ndipo uguse skrubu ya juu, boksi likiwa katikati kabisa. Gia zimetengenezwa zibane kidogo pale katikati tu. Hesabu mizunguko yote, rudi nusu yake, rekebisha hapo. Kwa kuwa katikati ndipo panapolika zaidi, boksi lililochoka ukiliondolea plei yote litauma ukikata kona. Likifanya hivyo, limekufa. Liache.

---

Haidro_Dada

Hayo yakishafanyika, kwa gari la tani moja mimi ni wa pawa ya oili bila kusita. Sababu ni mahali nguvu inapoingia. Kwenye boksi la pawa, oili inasukuma pistoni iliyo ndani ya boksi lenyewe. Shafti, krosi na kolamu vinabeba nguvu ya mkono tu. Ya umeme inaongeza nguvu juu, kwenye kolamu, na nguvu hiyo yote inapita kwenye krosi na boksi la zamani vilivyobuniwa kwa mikono ya mtu.

Faida ya pili ni uwiano. Boksi la mkono la Saginaw 525 (la magari ya GM), kwa mfano, ni 24:1, yaani usukani mizunguko 24 kwa mmoja wa mkono wa pitmani. La pawa la Saginaw 800 linapatikana kati ya takriban 12.7:1 na 17.5:1. Unapata wepesi na unapunguza mizunguko.

Vinavyohitajika: boksi la pawa linalokaa upande uleule wa chasisi na mkono wake unazunguka kuelekea uleule (ukikosea hapa, gari litaenda kushoto ukikata kulia), mkono wa pitmani wenye meno yake, kapuli ya shafti kwa sababu meno ya juu mara nyingi hayafanani, pampu na bracketi yake, puli yenye mfereji wa ziada, tangi la oili, paipu ya presha na ya kurudishia.

Panapoharibika:

Paipu ya presha. Pampu nyingi za pikapu hufika bar 70 hadi 100. Paipu hiyo lazima iwe ya kubanwa kwa mashine. Klipu ya rejeta itaachia, na oili ya moto ikimwagikia egzosi ni moto. Klipu ni ya upande wa kurudi tu.

Ncha za paipu. Kuna za kufunga kwa koni na kuna za oringi. Zinaweza kuingiliana kwa nyuzi kadhaa na bado zikavuja.

Puli. Weka rula ndefu juu ya puli zote mbili, zilingane. Belti ikilegea utasikia inalia ukikata mpaka mwisho, na msaada unakatika ghafla katikati ya kona.

Oili. Ile iliyoandikwa kwa pampu hiyo, iwe ATF (oili ya gia otomatiki) au ya pawa stelingi. Ya breki kamwe, inavimbisha sili.

---

Waya_Mwekundu

Dada, hoja ya nguvu kupita kwenye krosi ni ya kweli, lakini pawa ya umeme ina nafasi yake: injini isiyo na mahali pa kufunga pampu, au chasisi ambayo boksi la pawa haliingii kwa sababu ya rejeta. Haina paipu, haina belti. Mota ikikata, unarudi kwenye boksi lako la zamani unaloweza kuligeuza kwa mkono. Pampu ya oili ikikata, unabaki na boksi la uwiano wa haraka unalolazimika pia kulisukumia oili, na hilo ni zito kuliko la mkono. Ndiyo maana kufunga boksi la pawa bila pampu ni hatari.

Masharti: mfumo wa volti 12. Mota inaweza kuvuta ampea 50 au zaidi kwa muda mfupi ukiegesha, kwa hiyo waya wa milimita mraba 10 au zaidi, fyuzi yake karibu na betri, na ethi nene kama chanya. Altaneta ya zamani ya ampea 35 itazidiwa na taa zitafifia. Kompyuta ya mota isipopata ishara ya kasi, aina nyingine huingia hali ya dharura na kutoa msaada wa wastani, nyingine hazitoi kabisa. Jua yako kabla ya kuikata gari. Na mota ikae ndani ya kabini, kwa sababu nyingi hazikuzibwa dhidi ya maji.

---

Pitmani

Nakubali, kwa sharti moja: shafti isichomelewe ncha kwa ncha. Tumia kapuli yenye meno au ya bapa mbili (tundu lenye pande mbili bapa), yenye bolti inayopita kwenye mfereji wa shafti. Sehemu ya kolamu iliyoundwa ijikunje gari likigonga, isikatwe wala kuzibwa.

Na kwa pawa ya aina yoyote, kagua chasisi kwanza. Sugua kwa brashi ya waya pale boksi linapofungwa, tafuta ufa kwenye matundu ya bolti. Pikapu za GM za 4x4 za miaka ya 1973 hadi 1987 zinajulikana kwa ufa hapo. Chasisi ikijongea ukikata usukani, weka bamba la kuimarisha kabla ya kingine chochote.

---

Chasisi_Kavu

Nimewaelewa. Je, raki ya gari dogo? Na usukani mkubwa zaidi?

---

Grisi_Namba2

Raki kwenye ekseli ya spring za majani, hapana. Raki inakaa kwenye chasisi, ekseli inapanda na kushuka, kwa hiyo kila shimo litageuza tairi lenyewe.

Usukani mkubwa husaidia kidogo, kihalali kabisa. Lakini tazama kwanza rimu. Rimu au spesa zinazotoa tairi nje huongeza umbali kati ya mstari wa kingpini na katikati ya tairi, na stelingi inaweza kuwa nzito zaidi. Rudisha rimu za asili, jaza upepo sahihi, pima tena kwa mizani.

---

Haidro_Dada

Ukienda na oili, kutoa hewa kunafanywa injini ikiwa imezimwa, tairi hewani: jaza tangi, zungusha polepole mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20 huku ukiongeza. Washa ndipo oili ikiacha kushuka. Ikiwa na povu la maziwa, bado kuna hewa, iache itulie. Usishikilie mwisho wa kona zaidi ya sekunde 5, pampu inachemka.

Kasta ipimwe upya baada ya hapo. Boksi la mkono huwekewa kasta ndogo ili liwe jepesi. Ukiwa na pawa, digrii 3 hadi 5 ndizo zitakazourudisha usukani baada ya kona. Kwenye ekseli ya majani hiyo ni kabari kati ya springi na ekseli.

Mwisho, stopa za ekseli lazima ziguse kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani, kulia na kushoto, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Mwambie mwenzako azungushe usukani huku wewe ukitazama chini ya boneti, uone kama kuna paipu inayovutwa au kusuguliwa.