Naomba ushauri: kikundi chetu kibaki kilivyo au tuwe SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo)?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, tuko 32, wengi akina mama wa sokoni. Tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama chetu viko daraja la nne, na tumeshasajiliwa kupitia halmashauri. SACCOS ndiyo daraja la tatu.

Sasa wanachama wamegawanyika. Vijana wanataka tuwe SACCOS ili tukopeshane mikopo mikubwa. Wazee wanaogopa gharama za ukaguzi wa hesabu na wanataka tuendelee kugawana akiba kila Desemba. Mimi naumia zaidi na fedha zinazolala: kuanzia Juni mikopo hupungua, sanduku linajaa, na usiku mweka hazina halali.

Nimewaza hatifungani za serikali (unaikopesha serikali kwa muda maalum, inakulipa riba), kwani BoT (Benki Kuu) inaanzia shilingi 1,000,000 na riba hulipwa kila miezi sita. Lakini tukigawana Desemba, hatifungani ya miaka miwili tutaifanyaje?

Aliyewahi kuhamisha kikundi kwenda SACCOS, mlianzia wapi? Na nani kanunua hatifungani kwa jina la kikundi?