Mjadala: Shajara ya mke wa Von Prince itafsiriwe, isomwe shuleni Iringa?

Mwenye mada, Iringa Mjini
Kamwene ndugu zangu. Magdalene von Prince aliishi hapa na mumewe, Tom, ofisa wa Kijerumani aliyeongoza msako wa Mkwawa, chifu wetu Wahehe. Aliandika shajara, na mwaka 1903 akachapisha Berlin kitabu kilichotokana na kurasa zake. Kiko kwa Kijerumani, kwa hiyo wajukuu wa watu alioishi kati yao hatuwezi kukisoma. Naona kitafsiriwe chote, hata yatakayotuchoma, kiingie shuleni. Mkwawa alijiua Julai 1898 akikataa kukamatwa. Upande wetu tunausikia kwa wazee. Waliokuwa wakimwinda walituonaje? Ripoti za jeshi hazisemi hayo.

Mchangiaji, Kalenga
Kaka, nakataa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Uingereza, lakini hapa Kalenga lilifika 1954. Wanafunzi wanakuja kulitazama kwenye kioo. Leo tumpe mtoto wa darasa la sita maneno ya mke wa aliyemsaka babu yake? Mtoto akiona jambo limechapwa, lina na tarehe, masimulizi ya bibi anayaweka kwenye fungu la hadithi za kubuni. Halafu hiyo si shajara yenyewe. Ni kitabu kilichopangwa upya kwa wasomaji wa Ujerumani. Aliyoyaacha tutayajuaje?

Mwalimu mstaafu, Tukuyu
Wanangu, hoja hiyo ya mwisho ni nzito. Samuel Pepys wa London aliandika kwa hati mkato kuanzia 1660 hadi 1669, na hakuchapisha shajara yake. Ndiyo maana katika moto mkubwa wa 1666 tunamkuta akifukia divai na jibini lake shimoni ili visiungue. Anayeandika ili asifiwe angeliruka hilo. Mama huyu alichapisha akiwa hai, basi asomwe kwa tahadhari, lakini asomwe.

Linaloniuma mimi ni jingine. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasoma Nasik, India, aliandika shajara ya safari ya kuurudisha mwili wa Livingstone, akaufuata hadi Uingereza mwaka 1874. Nani kati yenu alifundishwa jina lake? Na huku Rungwe kulikuwa na mwinjilisti aliyeandika kila jioni: mvua, bei ya kahawa, nani kazaliwa, nani kagombana na nani. Baada ya matanga, madaftari yake yakauzwa gengeni. Nilinunua maandazi nikakuta yamefungwa kwa mwandiko wake, mafuta yameshaula wino.

Mwenye mada
Shikamoo mwalimu. Hilo la madaftari ni msiba, na linastahili mada yake. Dada wa Kalenga, tukikikataa kitabu hakifutiki; kitaendelea kusomwa Ujerumani bila sisi kujibu. Darasa la sita nakuachia. Kianzie kidato cha tatu.

Mchangiaji, Kalenga
Kidato cha tatu sawa, ila wazee wa Kalenga wausome muswada kwanza, na majibu yao yachapwe ukurasa kwa ukurasa, mkabala na maneno yake. Yakitupwa mwisho wa kitabu, nani atayafikia?

Mwenye mada
Mkabala, nakubali. Lakini wajibu tu, wasikate hata sentensi moja.

Mchangiaji, Kalenga
Hapo bado hatujaelewana. Kuna majina ya koo za watu walio hai.